Siku Mama Aliposhuka na Hendeli

Mama yangu alizaliwa upande wa Geita, kwa Wazinza, ndani ya boma la mtemi lililozungushiwa handaki na ua wa minyaa. Babu yangu alikuwa mhunzi humo. Ulipokuja mwaka wa njaa, shangazi yake alimchukua mama, akiwa bado binti mdogo, akaenda naye Kahama, na huko ndiko baba yangu, mfanyabiashara mwenye asili ya Pwani, alikomkuta na kumwoa. Mimi na ndugu zangu tulizaliwa Shinyanga mjini. Tulisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, tukajua Kiswahili kabla ya Kisukuma, na Kizinza hatukukijua isipokuwa yale maneno ambayo mama aliyatoa akijikwaa.

Baba alipofariki na eda ikaisha, mama alitangaza kwamba anakwenda kuliona boma lile na kaburi la mama yake. Kaka zangu walimkatalia. Walisema watu wote wa kule wamehamishwa na serikali kwa sababu ya malale, nyumba zimeanguka, na walioko sasa ni Wazungu wa dhahabu na watu wao.

"Hakuna kitu kule, mama," kaka mkubwa alisema.

"Basi nitakwenda kuona kwamba hakuna kitu," mama akajibu. "Kwa macho yangu, si kwa ya kwako."

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika, sina mtoto, wala mtu wa kumwomba ruhusa. Nikasema nitakwenda naye.

Reli wakati ule ilikuwa imekwisha kufika kwetu, lakini ilikwenda Tabora na Mwanza, haikwenda kwa babu yangu. Malori yalikuwa ya pamba. Motokaa ya kukodi mjini ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa muuza nguo karibu na stesheni, mtu wa tarbushi safi na maneno matamu. Kila mtu alizijua hila zake. Ulikodi gari lake, ukarudi salama, kisha akalizunguka akisikitika mpaka akakuta mahali ulipoharibu. Shemeji yangu aliwahi kulipia kioo ambacho mji mzima ulijua kwamba kilikuwa na ufa tangu motokaa ile ishushwe kwenye behewa. Alilipa kimya kimya kwa sababu aliona haya kubishana mbele ya watu.

"Haya za watu ndizo zinazomlisha yule," mama alisema.

Siku tulipokwenda kukodi, alichagua saa ambayo soko lilikuwa limejaa. Walipatana: kwenda na kurudi, petroli juu ya mwenye gari, dereva atatufikisha mpaka penyewe, nusu ya malipo sasa na nusu tukirudi. Kisha mama akatoka nje, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kulizunguka gari huku akipaza sauti kama mtu anayenadi samaki.

"Taa ya kushoto imepasuka! Mmeiona?"

Wauza viazi wakacheka. "Tumeiona!"

"Bawa hili la gurudumu limebonyea. Mmeliona?"

"Tumeliona!"

"Kiti cha nyuma kimetatuka, sufi inatoka. Njoo wewe mwenye kikapu, tia kidole chako hapa!"

Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni, tabasamu limemganda usoni. "Bibi," akasema, "unakodi gari au unanunua?"

"Nakodi. Ningenunua haya yangekuwa makovu yangu. Sasa ni yako, na nataka yabaki kuwa yako."

Mimi wakati ule nilitamani ardhi inimeze. Lakini niliona pia jinsi watu walivyokuwa wakimtazama yule bwana, si mama, na nikaacha kuinamisha kichwa.

Tuliondoka na dereva mmoja kijana wa Tabora, mpole, asiyependa maneno. Samuye tulikuta ng'ombe wameziba njia, na dereva akapiga honi mpaka mchungaji akamjibu kwa Kisukuma jambo lililomfanya mama acheke hadi machozi. Vumbi lilitujaa puani. Kagongwa tulilala kwa mke wa mfanyabiashara mmoja aliyemfahamu baba, akatupikia wali na kutufungia maandazi ya njiani. Kesho yake, mbele ya Kahama, tulisimamishwa kwenye kibanda cha mbung'o. Watu wawili wenye nyavu walilikagua gari juu na chini wakitafuta wale nzi wa malale, wakatupekua mpaka mikunjo ya kanga. Mama aliwaambia wakimpata mmoja wamwambie kwamba ndiye aliyemfukuzia ndugu zake.

Tulipofika vilima vya upande wa Rwamgasa, jua likiwa limefika utosini, dereva alisimamisha gari kwenye njia panda. Akazima injini, akashuka, akaegemea mlango.

"Mwisho ni hapa, mama," akasema. "Mbele ni njia ya ng'ombe. Mkitaka niendelee, kuna nyongeza. Na bila nyongeza hata kurudi itakuwa vigumu."

Mama alimtazama bila hasira. "Tulipatana mpaka penyewe."

"Ndiyo, lakini huku ni porini, mama. Mapatano ya mjini ni ya mjini."

Hapo ndipo nilipoelewa hila ilivyokuwa. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angekubali kuachwa porini kwa sababu ya nyongeza, kwa hiyo kila mtu alilipa. Mimi mwenyewe niliushika mkono wa mama, nikamnong'oneza tumpe tu, tutakuja kubishana tukiwa nyumbani.

Mama akasema, "Haya." Akashuka polepole, akanyoosha mgongo. Kisha akainama chini ya kiti cha mbele akaivuta hendeli, kile chuma kilichopinda ambacho dereva alikizungusha mbele ya gari ili injini iwake. Bila chuma kile gari lile lilikuwa sanduku la bati tu. Akakitia begani kama jembe.

"Twende, mwanangu," akaniambia. "Mwenzetu atatungoja."

"Mama! Hiyo hendeli!" dereva akapiga kelele.

"Naijua. Nimekuona ukiizungusha tangu jana."

Dereva alitufuata hatua chache akiomba, kisha akakumbuka kwamba hawezi kuliacha gari la tajiri wake peke yake porini, akarudi. Mama alikuwa anatembea kwa mwendo ambao sijapata kumwona nao mjini, mwendo wa mtu anayeijua njia na amechelewa nyumbani.

Boma tulilitambua kwa minyaa. Nyumba hazikuwapo, lakini ua ulikuwa umeota ukawa msitu mzito wa kijani uliojipinda duara, na handaki lilikuwa bado linaonekana, limejaa majani. Ila palikuwa na jambo jingine. Vigingi vipya vilikuwa vimepigwa ardhini, vimeandikwa kwa rangi, na kutoka kwenye kibanda cha nyasi alitoka mlinzi, Msukuma wa makamo mwenye rungu na koti la jeshi lisilo na vifungo.

"Hapapitwi," akasema. "Ni mahali pa bwana. Kuna dhahabu."

"Mwadila, baba," mama alimwamkia kwa Kisukuma.

Yule mtu akaona haya kidogo. "Mwadila, mayu. Lakini hapapitwi. Bwana amesema asikanyage mtu ndani ya vigingi."

"Bwana wako alivipiga lini?"

"Masika yaliyopita."

"Mimi nimezaliwa ndani ya vigingi vyake," mama akasema. "Nilikuwa humu kabla hata mti wa kuvichonga haujaota. Akija mwambie mwenyewe alikuja, akaingia kwake, akatoka alipotaka."

Akapita. Hakumsukuma, hakuinua hendeli, alipita tu karibu naye kama mtu anavyompita mgeni barazani kwake. Mlinzi alinitazama mimi kana kwamba nitamsaidia. Nikamwambia, "Shikamoo," kwa sababu sikuwa na neno jingine, naye akaitikia "Marahaba," na mtu akishaitikia marahaba ni vigumu kumpiga rungu aliyemwamkia. Nikapita na mimi. Naye akatufuata nyuma.

Mama alituonyesha kila kitu kwa ncha ya hendeli. Hapa palikuwa na lango, magogo yake yalivutwa na wanaume wanne kila jioni. Hapa ni kwa mtemi, na watoto hawakuruhusiwa kupita wakipiga mluzi. Pale palikuwa na kisima, na kweli palikuwa na shimo lililobomoka na mtini umeota ndani yake. Mlinzi aliuliza juu ya rundo la mawe meusi yaliyojaa vitundu, ambayo bwana wake alikuwa ameyajaza gunia zima akaondoka nayo.

"Hayo ni mavi ya chuma," mama akasema. "Baba yangu alipoyeyusha chuma cha majembe, hayo ndiyo yaliyobaki. Ninyi mlikuwa mnalima kwa majembe yetu, ninyi Wasukuma."

"Babu yangu alikuwa nalo moja," mlinzi akasema taratibu. "Alilitolea mahari." Akaliweka rungu lake chini.

Kaburi lilikuwa nyuma ya mahali babu alipofulia chuma. Halikuwa na alama isipokuwa jiwe la kusagia lililopinduliwa, limezama nusu. Mama alipiga magoti akayang'oa majani kwa mikono. Nilitaka kumsaidia akanizuia. Alisema kwa Kizinza maneno mengi ambayo sikuyaelewa, sauti yake ikabadilika ikawa ya mtoto anayeshtaki, na katikati yake nilisikia jina langu. Kisha akasoma Fatiha kwa Kiarabu, yeye ambaye mama yake hakuwa Mwislamu hata siku moja, akaniambia niitikie amina. Niliitikia. Mlinzi naye, nyuma yetu, aliitikia.

Kigingi kimoja kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye jiwe. Mama alikishika akakitikisa mpaka kikalegea. Mlinzi alimwambia, "Mayu, nitafukuzwa kazi." Mama akafikiri, akakiacha. Lakini alimfanya yule mtu aahidi kwamba wachimbaji wakija atawaonyesha jiwe na kuwaambia lina mwenyewe. Sikujua kama atafanya. Aliahidi akimtazama usoni.

Tuliporudi njia panda jua lilikuwa limeinama. Dereva alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gari, macho mekundu. Alisema hakuwa yeye. Alisema tajiri ndiye aliyemwagiza asimame pale na aseme vile, na asiporudi na nyongeza hukatwa mshahara. Mama alimpa andazi.

"Nilijua si wewe," akamwambia. "Lakini wewe ndiye uliyezima injini. Washa."

Akampa hendeli. Kijana aliizungusha mara moja tu, gari likanguruma.

Shinyanga mwenye gari alitupokea kwa mikono miwili, akalizunguka gari, akaitazama taa, akawatazama wauza viazi waliokuwa wakimtazama, na taa hakuitaja. Badala yake alisema tumechelewa, na kuchelewa kuna malipo yake. Mama alimpa ile nusu iliyobaki na hakuongeza kitu. Basi yule bwana akalichukua kapu letu kutoka kwenye gari, ambamo mlikuwa na kanga za mama za kutokea na birika la baba la udhu, akalifungia dukani mpaka tulipe.

Kaka zangu walitaka kulipa mambo yaishe. Mama aliwakataza. Kesho yake asubuhi alichukua mkeka, nami nikachukua wa kwangu, tukaenda tukaketi mbele ya duka lile, si mlangoni asije akasema tumeziba, ila pembeni ambapo kila mteja lazima apite. Mama alikuwa amebeba ukili, akisuka. Kila mwanamke aliyekuja kununua nguo alimwamkia, na kila aliyemwamkia alisimuliwa: njia panda, injini iliyozimwa, kapu. Hakutukana, wala hakupaza sauti. Alisimulia kama anavyosimulia mtu harusi aliyoiona. Wengine waliingia dukani wakatoka mikono mitupu. Wengine waliketi kidogo nasi wakasaidia kusuka.

Mwenye duka alitoka akasema atatupeleka kwa liwali. Mimi ndiye niliyejibu, na sauti yangu mwenyewe ilinishangaza.

"Twende sasa hivi, bwana. Na dereva wako aje."

Hakwenda. Siku ya pili alituletea chai, na mama akawapa wapita njia. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alilitoa kapu mwenyewe akaliweka juu ya mkeka. Mama alitoa kila kitu kimoja kimoja mbele ya watu, akalitikisa birika, akachungulia ndani, kisha akakunja mkeka.

Yule kijana wa Tabora aliacha kazi pale baada ya muda si mrefu, akaendesha malori ya pamba. Tukikutana alimwita mama yangu "tajiri". Na mwaka uliofuata, wanawake wanane wa mtaani kwetu walitaka kwenda Tabora kuona nyumba za zamani za misafara, walikopitia babu zao wengi, nao wakamtaka mama awapatie gari. Mwenye gari alikataa katakata. Alisema yuko tayari kulikodisha kwa yeyote mjini isipokuwa kwa bibi yule.

Mama alifurahi sana aliposikia. Alisema mtu yule hatimaye ametaja bei yake ya kweli, kwamba gari lake ni la wenye haya tu, na tukaenda kukata tikiti za treni.