Nilivyoifunza Kompyuta Madafu

Nimehamahama miji mingi, na kila mji umeniachia ujuzi nusu. Juzi niliporudi kwetu Kaloleni, mpwa wangu Kadzo aliniomba nimwekee kwenye kompyuta maktaba ya programu inayoifunza mashine kutambua picha. Sikusita. Kadzo huuzia hoteli moja ya Malindi madafu, na hoteli ilikuwa karibu kumwacha kwa sababu makoroma, yaliyopita udafu lakini hayajawa nazi, yalijipenyeza kwenye mzigo; alitaka mashine iyatenge.

Maktaba iliingia bila ubishi, nikavimba kichwa. "Sasa tuilishe picha," nikamwambia. Madafu niliyapiga picha shambani. Jua lilipokuwa kali, makoroma nikayapigia picha ndani, juu ya kanga nyekundu ya dada. Tulipoijaribu kwa picha hizo, mashine haikukosea hata moja.

Mnunuzi wa hoteli alipokuja, Kadzo alitandika kanga ile ile mezani kwa heshima, akaweka dafu. Mashine ikaandika koroma. La pili, koroma. Mnunuzi akavua kofia yake, akaiweka pale. Koroma. Akainuka aende zake.

Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tumeifunza kanga, si makoroma. Kadzo naye alielewa. Aliitwaa, akanifunika mabegani, akaelekeza kamera kwenye kipara changu.

"Koroma," akasoma.

Mnunuzi akaketi tena, akicheka huku akifuta macho.

"Hapo, Mjomba," akasema Kadzo, "haijakosea."