Mkono wa Pili Gizani

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi ningesimuliwa na mwingine ningesema huyo anatunga. Lakini haya sikusimuliwa. Yamenikuta mwenyewe, na akili zangu timamu.

Mimi na mume wangu Selemani tulipanga nyumba ya vyumba viwili kule Tangini, Kibaha, muda mfupi baada ya ndoa. Mwenye nyumba, Bi Tatu, alikuwa mbali, anaishi Kurui huko Kisarawe kwenye shamba lake. Nyumba nzuri, ila umeme wake ulikuwa na visa. Unakatika magharibi, unarudi, unakatika tena. Na unakatika kwetu tu! Kwa jirani taa zinawaka, televisheni inapiga kelele, sisi tunapapasa kuta. Fundi alikuja, akabadilisha swichi kubwa, akapanda mpaka darini. Akashuka anajikuna kichwa.

"Shemeji, nyaya zenu nzima kabisa."

Sasa sikiliza. Jioni moja umeme ukakatika, nikaenda dukani kununua mshumaa. Narudi, nafika mlangoni, namsikia Selemani anacheka. Kile kicheko cha chini chini, cha enzi za uchumba, ambacho mimi sikuwa nimekisikia tangu tuhamie.

"Unacheka na nani?"

"Si na wewe? Si ndiyo umekaa hapa sasa hivi?"

Niambie, wewe ungefikiria nini? Mimi nilimfikiria jirani yetu, mjane mmoja mcheshi. Nikamnunia, salamu yake siitikii, maskini ya Mungu. Nikawa nanusa mashati ya mume wangu. Siku moja kola ikanukia karafuu, na mimi karafuu natia kwenye pilau tu. Wivu ule, jamani!

Nikasema leo simwachi. Umeme ulipokatika nilikuwa nimekaa kushoto kwake kwenye kochi, nikaudaka mkono wake. Baada ya kitambo akaninong'oneza, "Mke wangu, mbona unanibana hivyo mikono yote miwili?"

Nilikuwa nimeshika mmoja.

Nikawasha tochi ya simu. Wallahi, kulia kwake alikaa mwanamke, amejitanda khanga, nywele zimesukwa vizuri kama bi harusi. Hakumtazama Selemani. Alinitazama mimi, na yale macho niliyajua, maana ndiyo niliyokuwa namtazamia yule mjane.

Akasema polepole, "Dada, huyu ana mwenyewe. Nenda kwenu."

Umeme ukarudi. Hakuna mtu. Mkono wa kulia wa Selemani umepoa kama maji ya mtungi.

Kesho yake tulifunga virago, tukaenda Kurui kurudisha funguo. Bi Tatu alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmemwona?"

Hata hatujasema lolote!

"Binti yangu huyo," akasema. "Ile nyumba nilimjengea yeye. Umeme ulikatika, mumewe akaaga anafuata mshumaa, kumbe anakwenda kwa mwanamke mwingine. Hakurudi. Mwanangu akawa anamngoja tu, hali, hanywi, mpaka akafia mle mle."

Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alivaaje? Amependeza?"

Nikamweleza ile khanga, zile nywele. Kisu kikamtoka mkononi.

"Mimi mamaye nimelala mle peke yangu mara nyingi. Nazima taa mwenyewe, namwita. Haji. Anawajia wapangaji!" Akanitazama kwa wivu mkali hata nikainamisha macho. Kosa langu nini? Kumwona mwanawe.

Sasa tunakaa Pangani. Huku umeme ukikatika, umekatika mtaa mzima. Mkono wa Selemani haujapata joto hadi leo, na hospitali hawaoni ugonjwa. Lakini si huo unaoninyima usingizi. Taa zikizimika, huyu mume wangu huacha kuongea, kisha husogea kidogo kwenye kochi, kama anayempisha mtu akae. Nikimuuliza, anaapa kwamba hajasogea.

Basi wewe unayetafuta nyumba ya kupanga, usiishie kuulizia maji na umeme. Uliza aliyekutangulia aliondokaje. Na giza likikukuta na umpendaye, mwite kwanza kwa jina, asikie, akujibu. Ndipo umpe mkono.