Bimdogo, Mtazama Mayai wa Igogo

Bimdogo hakujulikana Igogo kwa uzuri, maana hakuwa nao, wala kwa upishi, maana wali wake ulikuwa bokoboko. Alijulikana kwa macho. Kuku wako akishaatamia siku saba, unampelekea Bimdogo mayai kwenye kapu la pumba. Anaingia nayo jikoni, anaziba dirisha kwa gunia, anawasha taa ya chemli ndani ya debe lililotobolewa tundu moja ubavuni, saizi ya kukaa yai. Analiweka yai pale, mwanga unapita. Lenye mbegu utaona doa linapwita, na mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi ya nyasi. Lisilo na mbegu ni jeupe tu, kiini kinaelea, utadhani limetagwa jana. Hayo meupe ndiyo yalikuwa malipo yake. Anayakaanga.

Ujuzi aliupata kwa bibi yake kule Busisi, ng'ambo ya ziwa. Shule hakuiona. Na kukosea hakukosea hata siku moja. Hata wale waliomsengenya kwamba hajazaa, kuku wakiatamia walikuja kwake wamenywea.

Kuzaa kweli hakuzaa. Miaka kumi na minne kwa Yahaya, mwanamume mwenye maneno mengi na kazi haba. Talaka mbili alishampa, na mara zote mbili akamrudia kwa sababu nguo zilikosa mfuaji. Ya tatu ikitoka, hakuna kurudiana, dini imeshasema. Bibi wa Busisi alishakufa, nyumba yake imeanguka. Bimdogo akitoka kwa Yahaya hana pa kwenda. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo.

Sasa mwaka ule wa uhuru, miezi michache kabla ya siku yenyewe, kideri kilikuwa kimefagia kuku wa mtaa mzima. Majogoo walibaki wanne tu. Ndipo akatokea mtu mmoja, Masalu, kashuka na meli ya Kisumu, kabeba jogoo wa kizungu kwenye tenga. Jogoo mkubwa kama mtoto wa mbuzi. Miguu imejaa magamba, kifua kinaburuza chini, mzee wa kutupwa, lakini nani aliangalia miguu? Yahaya aliingia ubia na Masalu. Wakawa wanampitisha jogoo nyumba kwa nyumba, kwa malipo, kama bwana harusi.

"Wachinjeni hao wenu, wataharibu mbegu," Masalu akawaambia wanawake. "Uhuru uje utukute na vijogoo kama njiwa? Aibu!"

Wakacheka, wakachinja. Watatu wakaliwa wiki hiyohiyo.

Aliyekataa alikuwa Dorotea, mama Mayala, Msukuma mjane. Mumewe alizama ziwani na mtumbwi wake, na Dorotea alikuwa hana shamba wala ndugu wa karibu, ana kuku sita tu waliopona kideri. Jogoo wake akamfunga mguu kwenye kitanda, majike akawaachia yule wa kizungu. Akangoja wiki tatu, ili mbegu ya jogoo wa zamani iishe mwilini mwa kuku, kama Bimdogo alivyomfundisha. Baadaye akaatamisha mayai kumi na manane chini ya kuku wawili.

"Nitamchinja wangu ukishaniambia wewe, da Bimdogo," alisema. "Masalu simjui. Wewe nakujua."

Siku ya saba, asubuhi, Yahaya alimsimamia mkewe pale anapokoka moto.

"Leo yule mjane analeta mayai."

"Analeta."

"Ukisema hayana kitu, umeniua. Watu watamrudisha jogoo. Basi na mimi nitakupa ya tatu, palepale mlangoni, mbele yake. Umesikia?"

Dorotea akaja na kapu lake. "Shikamoo da Bimdogo." "Marahaba." Bimdogo akaingia jikoni, Dorotea akabaki mlangoni. Barazani Yahaya na Masalu wanakunywa kahawa, masikio yamesimama.

La kwanza jeupe. La pili jeupe. La kumi jeupe. Akayamaliza yote kumi na manane, kisha akalirudia la kwanza, si kwamba ana shaka, anavuta muda tu. Angekuwa amekosea, nani angemsema? Lakini aliona vizuri kuliko siku zote.

"Vipi, dada?"

"Yana mbegu."

"Yote?"

"Yote."

Hajawahi kutamka neno "yote" maishani mwake. Hata kwa jogoo mzuri, mawili matatu hukosa. Dorotea hakuliwaza hilo, alishukuru mpaka machozi. Mchana akamfungua jogoo wake, akamchinja, akamletea Bimdogo paja. Na Bimdogo akalila, mpaka mfupa akaufyonza.

Siku ya ishirini na moja ikafika, ikapita. Ya ishirini na tatu. Kuku mmoja akafia kwenye kiota, amekauka, utitiri umemmaliza. Siku ya ishirini na tano Dorotea akaja na kapu. Shikamoo hakutoa.

Akachuchumaa mlangoni kwa Bimdogo akalipasua yai la kwanza kwenye kizingiti. Harufu ikawatoa majirani.

"Angalia."

"Mama Mayala, jamani..."

"Angalia, si ndiyo kazi yako? Kama yangekufa njiani ningekuta kifaranga. Ningekuta basi hata damu. Hapa pana nini?"

"Maji."

Akapasua la pili. "Na hapa?"

"Maji."

Hivyo hivyo, moja baada ya jingine, na kila moja alimlazimisha kujibu. La kumi na nane lilipokwisha, Dorotea akafuta mikono kwenye kanga.

"Nakuuliza kitu kimoja. Ulikosea, au uliona?"

Yahaya alikuwa kasimama nyuma, ndani, kashika mlango. Bimdogo hakugeuka, lakini alimsikia anavyopumua.

"Nilikosea."

"Wewe?" Dorotea akamtazama. Mate yakamjaa mdomoni, akatema pembeni, akachukua kapu lake, akaenda. Mwezi ule aliuza majike waliobaki, akaenda kuanika dagaa za watu ufukweni, mgongo juani kutwa nzima. Masalu alishapanda meli zamani.

"Safisha hapo, pananuka," Yahaya akasema.

Akasafisha. Na talaka ya tatu Yahaya hakuitoa, uhuru ukaja ukamkuta Bimdogo ni mke wa mtu, anafua. Alichokitaka alikipata. Kapu la mayai halikuingia tena jikoni mwake. Kuku wake mwenyewe akiatamia, hakuyatazama mayai kwa taa. Alikaa akahesabu siku ishirini na moja, kama mtu asiyejua kitu.