Mtungi Usio na Harufu ya Klore

Generose hajui kutulia. Tangu tuwe majirani hapa Mulongwe sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa, lakini wiki ile alizidi. Anainamia mtungi, anatega sikio, anaondoka, anarudi kuutazama tena.

"Mama Irakoze, huo mutungi hauko mugonjwa," nikamwambia. Hakucheka.

Nilijua kinachomsumbua. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Lubarika kumposa binti yake, na kwa watu wa bondeni, kama yeye mwenyewe, msichana haombwi kwa soda. Wageni huwekewa mtungi wa impeke, pombe ya mtama, wakanywa pamoja kwa mirija. Mama wa kijana akinywa na kumwita msichana mkamwana, maneno yamekwisha. Asiponywa, wanaaga kwa adabu na hawarudi. Na mama huyo, Nyandwi, alikuwa amemzika dada yake kwa kipindupindu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo Generose, aliyepika pombe tangu usichana wake, safari hii aliogopa maji. Akamimina klore, dawa ya maji, mara mbili ya kipimo tulichofundishwa, ndipo akatia kimea. Mtungi ukanyamaza. Hakuna povu, hakuna mchemko. Dawa ya kuua kipindupindu ilikuwa imeua na chachu.

"Nimejimaliza mwenyewe," akasema, akalia mlangoni pangu bila kujificha.

Akaanza upya. Alisomba mchanga wa ziwa, akauosha, akaumwaga kwenye ndoo iliyotobolewa, juu ya makaa yaliyopondwa. Maji ya bomba akayatia klore, kipimo sawasawa, akayaacha yafanye kazi, kisha akayapitisha kwenye ndoo, akayachemsha, akayaonja. Harufu bado. Akayapitisha tena. Nilipomwambia yanatosha alinitazama kama nimemtukana. Mtungi wa pili ukaanza kutoa povu, na yeye bado anazunguka uani.

Wageni wakafika. Generose akavuta mrija wa kwanza mwenyewe, kama desturi inavyotaka, waone hamna sumu. Nyandwi akainama, akanusa, akainuka.

"Mama, mutusamehe. Minye siwezi kunywa. Haiko na harufu ya klore."

Jamani! Kazi yote ile ilikuwa ya kuiondoa harufu hiyo. Irakoze aliganda, sinia mkononi. Mama yake, niliyedhani ataanguka, akaingia ndani akatoka amekumbatia mtungi wa kwanza.

"Sawa, mama. Hii iko nayo. Munuse."

Nyandwi akanusa, uso ukatulia, akavuta kwa nguvu. Mashavu yakamjaa. Akageuka pembeni akatema.

"Yee! Hii iko uji ya watoto, tena yenye dawa!"

"Maji iko moja," Generose akasema kwa hasira. "Kwa ile nilitia klore, ikafanya kazi, nikaitoa. Kwa hii sikuitoa. Muchague."

Nyandwi akaufuta mrija kwa upindo wa kitenge, polepole, akautia kwenye mtungi usionuka. Akavuta kidogo. Akavuta tena, na safari hii hakufanya haraka kuuachia.

"Mukamwana," akasema bila kuinua kichwa, "letea baba-mukwe wako murija."

Generose akakaa, palepale chini kwenye udongo, akaomba chai.