Pasi ya Mlangoni na Bastola Saba

Tarehe 3 Oktoba 1977, katika daftari la wakazi wa nyumba namba 14 mjini Tula, karani alikata neno "mke" mbele ya jina la Kapitolina Arsenyevna Dolbina na kuandika juu yake "jirani". Kapitolina, mchora ramani za mitambo mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa ameachana na Valerian Dolbin, fundi wa kodiani, vile vinanda vya kuvutwa kwa mikono, kwa hukumu ya mahakama miaka minne kabla. Daftari lilichelewa kupata habari. Chumba hakikupata habari kabisa: kilibaki kile kile, mita za mraba kumi na moja na nusu, na wote wawili walikuwa bado ndani yake.

Kati yao palikuwa na pazia la maua ya bluu. Valerian alipata upande wa dirisha, kwa sababu mtu anayetengeneza kodiani anahitaji mwanga, na Kapitolina akapata upande wa mlango, kwa sababu ndio uliobaki. Kwa hiyo kila Valerian alipotaka kwenda jikoni, chooni au kazini, ilibidi akatize katikati ya maisha ya Kapitolina.

"Hodi, jirani," alikuwa akisema, akiwa ameshapita.

"Pita tu. Hata kunguni hawapigi hodi."

Mwezi Agosti alikuwa amefariki Bibi Feofania wa chumba cha pili, na mita zake tisa zikafungwa kwa karatasi yenye mhuri wa kamati ya nyumba. Kapitolina aliupita mlango ule mara sita kwa siku. Sheria ya nyumba alikuwa ameikariri neno kwa neno. Talaka haikuwa sababu ya kuongezewa nafasi. Uvumbuzi ulikuwa: mwananchi mwenye hati ya uvumbuzi alikuwa na haki ya chumba cha ziada. Na uvumbuzi alikuwa nao. Kilichokosekana ni hati.

Alifanya kazi mahali ambapo watu wa Tula walipaita Sanduku, kwa kuwa hapakuwa na jina, palikuwa na namba ya sanduku la posta tu. Mji mzima ulijua kinachotengenezwa Sandukuni, na mji mzima, ukiulizwa, ulijibu kwamba ni vyerehani. Kapitolina alikaa kwenye meza ya tatu kutoka dirishani, akimchorea msanifu Rostislav Glebovich Pylaev, bwana mrefu na mpole ambaye mikono ya mashati yake haikukosa wino.

Kazi waliyopewa ilikuwa bastola ya kufyatua mfululizo, inayoweza kukaa kiunoni mwa dereva wa kifaru. Kufyatua mfululizo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kuituliza. Chuma cha juu cha bastola, kile kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka na kuingiza nyingine kikirejea, kilikuwa kifupi na chepesi. Kilikwenda na kurudi kwa kasi kiasi kwamba risasi ishirini ziliisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Ya kwanza ilipiga shabaha, ya pili ilipiga juu ya shabaha, na zilizobaki zilipiga dari. Pylaev alihangaika na springi miaka miwili. Springi ikiwa laini, chuma kilijibamiza nyuma kwa kishindo na mkono ukaruka. Ikiwa ngumu, bastola ilifyatua mara moja na kugoma.

Majira ya baridi ya 1975, mlango wa jiko la nyumba namba 14 ulikuwa na ugonjwa huo huo. Ulikuwa na springi, na kila mtu wa familia nne zilizochangia jiko alipopita ulijibamiza hadi vyombo vikatikisika. Valerian, ambaye sauti za kodiani huzisikiliza moja moja kama daktari anavyosikiliza kifua, alikuwa wa kwanza kushindwa kuvumilia. Alichukua pasi ya zamani ya makaa, akaifunga kwenye mlango kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo, na kamba akaiacha imelegea. Mlango ulikuja mbio kama kawaida. Uliposalia shubiri moja tu, kamba ilikaza, mlango ukalazimika kuinyanyua pasi, ukachoka, ukajifunga kimya.

Kapitolina alisimama na sufuria ya viazi mkononi, akaufungua na kuuachia mlango mara kumi na moja.

"Wewe mwanamke, umekuwa mtoto?" Valerian aliuliza.

"Kwa nini umeilegeza kamba?"

"Ningeikaza, mlango usingefika mwisho. Acha ukimbie kwanza, halafu ndio ubebe mzigo. Kama ndoa yetu."

Asubuhi iliyofuata, Sandukuni, Kapitolina alichora kipande cha chuma cha gramu themanini, kilicholegea, kinachokaa karibu na mwisho wa njia. Chuma cha juu kinarudi kikiwa chepesi, kinakikuta, kinakisukuma mbele yake, kinachoka, kinarejea polepole. Pylaev aliitazama ramani ile mpaka chai yake ikapoa.

"Umeitoa wapi hii, Kapitolina Arsenyevna?"

"Jikoni."

"Nauliza kwa dhati."

"Na mimi najibu kwa dhati."

Bastola saba zilitengenezwa. Risasi zake ziliweza kuhesabiwa kwa sikio, na shabaha ilitobolewa mahali ambapo binadamu angependa itobolewe. Habari zilipanda ngazi moja baada ya nyingine, na katika kila ngazi ombi la hati ya uvumbuzi liliongezewa jina. Mkurugenzi aliingia kwa sababu uvumbuzi ulitokea katika jengo lake. Mhandisi mkuu aliingia kwa sababu mkurugenzi ameingia. Katibu wa chama alitoa mwongozo wa jumla. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi alikuwa amewahi kupita mezani na kusema, "Kazeni buti."

Novemba 1977, Kapitolina alikwenda kwa Nonna Savelyevna, mama mnene wa ofisi ya hati, aliyekuwa akila mkate wa tangawizi juu ya kabrasha.

"Mama, fomu ina mistari saba," Nonna alisema. "Wewe ni wa nane."

"Nonna, mimi ndiye niliyekichora."

"Najua. Ndiyo maana nimekuweka hapa pembeni. Kwa penseli."

"Na penseli inatosha kupata chumba?"

Nonna alipangusa makombo, akashusha sauti. "Sikiliza, mpenzi. Hata kwa wino isingetosha. Bastola ni ya siri, kwa hiyo hati ni ya siri. Itatoka Moscow, itaingia kwenye kasha la chuma, hapo. Wewe utaruhusiwa kuisoma mara moja, ukiwa umesimama. Kamati ya nyumba hairuhusiwi hata kujua kwamba ipo."

"Sasa faida yake nini?"

"Fahari," alisema Nonna, akamega kipande kingine.

Majaribio ya serikali yalifanyika mwezi Januari, nje ya mji, kwenye baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Kapitolina aliletwa kubeba ramani. Tume iliketi chini ya paa la bati lililobeba theluji ya wiki tatu, na jenerali mwenye kofia ya manyoya aliketi katikati. Mpigaji, sajini mmoja mtulivu, alijaza risasi kwenye magazini na kuvuta kifyatulio.

Grisi ilikuwa imeganda. Kipande cha gramu themanini kiling'ang'ania mahali pake kama mpangaji mwenye haki zote. Chuma cha juu kilikwama kwanza, kisha kikatoka kwa mkupuo na kurudia mwendo wake wa zamani. Bastola ikamgeuka sajini mkononi na risasi tisa za mwisho zikatoboa ukingo wa paa. Hakuna aliyeumia. Theluji ya wiki tatu ilitafakari kidogo, ikateremka yote kwa pamoja.

Jenerali alitokeza ndani yake bila kofia.

"Nani amevumbua kitu hiki?" aliuliza kwa upole uliotisha.

Wavumbuzi wanne walikuwepo. Wote walikuwa wakikung'uta theluji kwa bidii kubwa. Mkurugenzi aligundua kwamba kifungo cha koti lake kinahitaji uangalizi.

Kapitolina alilifikiria karipio litakalobandikwa ubaoni. Kisha akaufikiria mlango wenye karatasi ya mhuri.

"Ni mimi, ndugu jenerali."

"Wewe?"

"Mimi. Kwenye joto inafanya kazi vizuri."

"Vita vyetu, ndugu, kwa kawaida havifanyiki kwenye joto," alisema jenerali, akaomba atafutiwe kofia.

Wiki iliyofuata Nonna hakupata nafasi ya kula. Waliingia mmoja mmoja, wakifunga mlango nyuma yao. Mkurugenzi alieleza kwamba dhamiri ilikuwa ikimsumbua muda mrefu: hakustahili. Mhandisi mkuu naye hakustahili. Katibu wa chama alisema ni makosa kuwapora wafanyakazi wa kawaida matunda ya akili yao. Pylaev alikuja wa mwisho, macho chini.

"Nifute na mimi, Nonna Savelyevna. Nina miaka miwili tu ya kustaafu."

Nonna aliwakata wote saba kwa wino mwekundu, akachukua kalamu nyeusi na kupita juu ya penseli. Na kwa kuwa jeshi liliikataa bastola, hapakuwa tena na siri ya kulindwa. Mhuri wa siri uliondolewa mwezi Februari. Bastola saba zile zikabaki saba. Moja iliwekwa kwenye kabati la makumbusho ya Sanduku, ambamo wageni hawaingii. Hati ilitoka mwezi Machi, wazi kabisa, yenye mchoro na jina moja. Karipio lilikuwa bado ubaoni, lenye jina lile lile.

Kapitolina aliiweka juu ya meza upande wake wa pazia, tayari kuipeleka kamati ya nyumba. Valerian alikatiza akienda chooni, akasimama. Mtu anayeishi kwa kuangalia vyuma vidogo vinavyosogea hahitaji maelezo mengi.

"Hii ni pasi yangu," alisema.

Valerian aliweka kidole juu ya mchoro.

"Kamba imelegea hapa. Halafu mzigo huu hapa. Kapa, hii ni pasi yangu ya jikoni!"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Ilikuwa siri ya taifa."

"Iko jikoni! Watu wanne... familia nne zinaiona!"

"Nikiomba, watakuongeza," Kapitolina alisema taratibu. Maneno yalimtoka kama jino. "Nonna ana fomu. Ni haki yako. Utakuwa mvumbuzi na wewe."

Valerian aliketi kwenye kiti cha Kapitolina, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minne. Aliisoma hati mpaka mwisho, kisha akasoma dondoo la sheria ya nyumba ambalo Kapitolina alikuwa amelinakili kwa mwandiko wake wa ramani na kulibana pembeni.

"Wavumbuzi wawili," alisema. "Akina Dolbin. Anuani moja."

"Ndiyo."

"Chumba kimoja cha ziada."

"Ndiyo."

"Watatupatia pamoja."

"Mita ishirini na nusu," alisema Kapitolina, "mimi na wewe."

Valerian aliirudisha hati mezani, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Usiniandike," alisema. "Pasi ilikuwa ya mama yangu, lakini usiniandike."

Kamati ya nyumba ilijadili dakika ishirini, ikauliza kama uvumbuzi huu una faida kwa wananchi, ikaonyeshwa mlango wa jiko, ikaridhika. Karatasi ya mhuri ilibanduliwa Alhamisi. Jumamosi saa nne asubuhi Valerian atabeba kitanda cha Kapitolina hatua sita hadi chumba cha pili, na Kapitolina atashikilia pazia pembeni ili lisinase.