Safu ya Tisa

Jumatano, tarehe 12 Machi, saa nane na robo mchana, niliona nambari iliyonifurahisha. Furaha hiyo ndiyo iliyoninyima utulivu kwa siku tano.

Nilikuwa katika mwezi wa pili wa mafunzo ya kazi, kwenye ofisi ndogo mjini Malindi iliyotafuta mahali pa kuchimba kisima: Kakuyuni au Jilore. Fedha zilitosha kisima kimoja tu. Kaya za pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kuhojiwa. Kazi yangu ilikuwa kuiandikia kompyuta amri za kutoa wastani wa dakika anazotumia mwanamke kwenda kuteka maji na kurudi. Kakuyuni ndiko nilikoolewa. Mume wangu amezikwa huko, na mawifi zangu hufuata maji tangu alfajiri.

Katika jedwali la takwimu kila swali lina safu yake, na kila safu ina jina. Msimamizi wangu, binti wa mjini anayelingana kwa umri na kitindamimba wangu, alinifundisha kuziita kwa majina hayo: dakika_maji, mitungi_siku, na mengineyo. Mimi niliziita kwa nafasi zake. Safu ya tisa, niliandika, itolewe wastani. Nilikuwa nimezihifadhi kichwani zote thelathini na nne kwa mpangilio. Aliyeingia kidato cha kwanza akiwa na miaka arobaini na miwili, kati ya watoto waliomwita nyanya, hujifunza kutegemea kichwa chake, na changu kilikuwa hakijaniangusha. Aliponionya mara ya pili, nilimwambia kwamba nyumba yangu naijua hata taa zikizimika.

"Sawa, mama," alisema. "Lakini vyombo huhamishwa."

Kompyuta ilitoa jibu: Kakuyuni, dakika hamsini na mbili, Jilore, dakika sita. Msimamizi alikuwa Kikambala kwenye semina. Niliandika rasimu ya ripoti, nikapendekeza Kakuyuni, nikamwekea mezani. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo sijalisamehe: nilimpigia simu wifi yangu mkubwa, nikamdokezea kwamba Mungu amewakumbuka.

Usiku huo nililala vizuri. Alhamisi sikulala. Sita. Nilikuwa nimehudhuria matanga Jilore mwezi wa Januari, tarehe 18, na maji ya kunawa tulipimiwa kwa kikombe, nusu nusu, na mama mmoja aliyesimama kulinda pipa. Watu walio dakika sita kutoka majini hawalindi pipa. Ijumaa nilijiambia kwamba ule ulikuwa mji wa kaya moja tu. Jumamosi nilifua nguo zilizokuwa safi. Jumapili kanisani nilisimama wenzangu walipoketi.

Jumatatu, tarehe 17, nilifika ofisini kabla mlinzi hajafungua lango. Nilifungua majedwali mawili, moja kando ya jingine, na kwa mara ya kwanza nikasoma majina ya safu badala ya kuzihesabu. Jedwali la Jilore lilikuwa na safu moja zaidi, ya pili kutoka mwanzo: mbari. Wahojaji wa huko walikuwa wenyeji. Huku bara kwetu, mzee hajibu swali lako kabla hajajua wewe ni wa ukoo gani, nawe umjue wake. Kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuuliza, waliandika. Safu zote zilizofuata zikasogea hatua moja, na kwenye nafasi ya tisa ikaketi idadi ya mitungi ambayo kaya huteka kwa siku. Niliandika upya amri kwa jina, dakika_maji. Jilore: dakika tisini na nane.

Hakuna aliyekuwa ameona. Nilikaa mbele ya nambari hiyo nikiwaza migongo ya mawifi zangu, na nikiwaza kwamba kosa lile lingeweza kupita bila jina la mtu. Msimamizi alipoingia na kuniamkia shikamoo, sikuitikia marahaba. Nilimweleza yote, pamoja na simu niliyompigia wifi.

Alivuta kiti karibu nami, akaniuliza, "Mama, kosa la hesabu tutalirekebisha sasa hivi. Watu wa Kakuyuni, nani atawaambia?"

"Mimi."

Ripoti ilitoka Jumatano, ikipendekeza Jilore. Jumamosi, tarehe 22, nilikwenda Kakuyuni. Nilianza kumweleza wifi habari za safu na nafasi zake, naye akanikatiza.

"Ulikwenda shule uzeeni ili uje utunyime maji?"

Nilimwambia kwamba wa Jilore wanatembea karibu mara mbili yetu. Akasema wa Jilore hawakumzika kaka yake. Hakunipa kiti. Aliingia jikoni, akatoka na mitungi miwili mitupu, mmoja akauweka miguuni pangu, akashika njia. Nilivua viatu vya mjini, nikauokota, nikamfuata.