Siku Tulipomfunga Macho Mwalimu Mkuu

Wazo la kumfunga macho Mwalimu Mkuu lilikuwa langu, na mpaka leo silijutii.

Nilikuwa bado mgeni Kigoma. Serikali ilinitoa Singida, ikanipandisha treni mpaka reli inapoishia, ikanikabidhi darasa la watoto wasioona katika shule moja ya msingi kule Gungu. Miaka hiyo mkoa ulijaa wakimbizi. Wa Kongo walivuka ziwa kwa maboti, wa Burundi walipenya vijijini kwa miguu, na malori ya kuwapeleka kambini yalipita Mwandiga kutwa nzima. Sisi shuleni tulikuwa na hangaiko letu dogo: Januari imefika, watoto wanarudi Jumatatu, na mvua imeuchimbachimba uwanja.

Matayarisho tuliyafanya watatu. Mimi, mlezi wa bweni, mama mtu mzima wa Ujiji ambaye akicheka hukaa chini, na Mwalimu Mkuu, bwana mrefu kutoka Bukoba, mwenye suti ya Kaunda na sauti ya kusomea risala hata anapoomba chumvi. Tulipaka chokaa kingo za ngazi kwa ajili ya wale wenye uoni hafifu. Wavuvi wa Kibirizi walitupa kamba kuukuu za nyavu, tukazifunga kutoka bwenini hadi chooni na kutoka chooni hadi darasani, mtoto ashike aende mwenyewe bila kuomba mkono wa mtu. Kila kitanda tulikitia alama ya kupapasa: hiki kifungo cha koti, kile kizibo cha soda, kile gunzi la hindi.

"Sasa tutajuaje kama njia ni salama?" niliuliza.

"Tuwasubiri wenyewe waje wapite," alisema mlezi.

"Wavunjike miguu kwanza, mama?"

Akanitazama, akavua kanga ya begani, akanirushia. Nilijifunga macho nikaanza safari. Sikufika mbali. Niligonga mlingoti wa bendera na kuuomba radhi, tena kwa adabu, "Samahani mzee," na mlezi akakaa chini. Alipofungwa yeye, alitembea vizuri mpaka alipokumbuka samahani yangu, akakaa tena.

Kelele zikamtoa Mwalimu Mkuu ofisini.

"Zamu yako, Mzee," nilimwambia.

"Mimi ni mkuu wa shule."

"Ndiyo maana."

Alitazama kushoto, akatazama kulia, akahakikisha hakuna mzazi. Kisha akainama ili nimfunge, maana sikumfikia.

Alikwenda kama anakagua gwaride, mkono mmoja kwenye kamba. Alipopita chooni, fundo nililolifunga mwenyewe likafyatuka. Yeye hakujua. Akaendelea kushika kamba iliyolegea, akiiburura nyuma yake, akaacha njia ya darasani na kukata uwanja kuelekea barabarani. Nilifungua mdomo nimwite. Mlezi akanifinya.

"Mwache kwanza, mwanangu."

Wakati huohuo waliingia langoni bibi mmoja na msichana wa kama miaka kumi. Tulikuja kujua baadaye kwamba walikimbia kutoka Burundi, wamefikia kwa ndugu kijijini Simbo, na wametembea tangu asubuhi kwa sababu walisikia kanisani kuwa hapa kuna darasa la wasioona. Msichana alikuwa na fimbo na mfuko wa plastiki wenye nguo. Akasikia hatua zinakuja, akasimama.

"Amahoro," alisalimia kwa lugha yao.

"Marahaba," alijibu Mwalimu Mkuu, akamgonga.

Msichana alipapasa mkono wa suti, akapanda mpaka begani. Mwalimu Mkuu akainama bila kuambiwa. Vidole vikafika kwenye kanga.

"Na wewe huoni?" aliuliza, kwa Kiswahili cha masoko ya Bujumbura.

"Kwa leo, sioni."

"Umepotea?"

"Kidogo."

"Basi nishike. Buhoro buhoro, polepole."

Akamgeuza, akaanza kumwongoza katika shule ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga! Bibi yake alibaki kinywa wazi. Mimi nilikuwa nimeng'ata kiganja. Jikoni mpishi alikuwa akikaanga migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese, na msichana akaifuata harufu moja kwa moja, fimbo ikigonga mbele, tap, tap, tap. Ikagonga patupu.

"Shimo hapa," alisema. "Ruka."

Mwalimu Mkuu, ambaye sikuwahi kumwona hata akiharakisha, aliruka. Aliruka kama anavuka mto Malagarasi. Msichana alikuwa bado amemshika, wakaenda wote, wakatua kwenye tope la upande wa pili, pwaa!

Niliiona barua yangu ya uhamisho waziwazi.

"Nimesema ruka," msichana alisema, akijipangusa shavu. "Sikusema uwe chura."

Mwalimu Mkuu akaanza kutikisika mabega. Kisha kikamtoka kicheko ambacho hakikufanana kabisa na sauti yake, chembamba, cha kukwaruza, na msichana naye akacheka kwa kukisikia, wakawa wanachekana palepale topeni. Bibi alikuja mbio, akasema maneno mengi, mikono kichwani. Mlezi, aliyekulia kati ya Waha, ambao lugha yao inakaribiana na Kirundi, aliniambia taratibu:

"Anasema hajamsikia akicheka tangu watoke kwao."

Sikujua nilie au nicheke, nikafanya vyote viwili.

"Huyu ameshaandikishwa," alitangaza Mwalimu Mkuu, bado kafungwa macho.

Walikula migebuka, wakaoga. Msichana akapelekwa bwenini kuchagua kitanda, akalikataa gunzi kwa hoja kwamba panya watalifuata, akachukua kifungo. Halafu akaomba fimbo yake. Alizunguka shule yote, sisi nyuma yake na majembe, Mwalimu Mkuu kakunja suruali, peku.

"Shimo!" alipaza sauti. Tukafukia. "Na hapa shimo!"

"Jamani," mlezi alilalamika, "hii shule au shamba la fuko?"

Jumatatu watoto walirudi, na hakuna hata mmoja aliyeanguka. Nilianguka mimi, nikikimbilia kengele.